Makame Kidoko na Boriti Zilizosimama Bure

Hapo zamani, katika mji wa Kisimangu, palikuwa na fundi wa miti aitwaye Makame Kidoko, fukara wa kupindukia, ambaye maishani mwake hakupata kujenga kitu kikabaki. Kazi yake ilikuwa kusimika boriti za kushikilia matao mpaka chokaa ikauke. Ikikauka, boriti huondolewa, waashi wakasifiwa, naye Makame akarudi nyumbani na vibanzi vidoleni.

Basi ikawa Sultani Jabri anajenga daraja la tao moja kubwa juu ya mto, na chini ya tao zilisimama boriti arobaini za Makame. Siku ya kumi na moja tangu kutiwa jiwe la mwisho, Sultani akaja kutazama pamoja na Waziri Dahalani, mtu ambaye hajapata kushika nyundo, ila aliijua kasoro ya kila nyundo.

"Bwana wangu," akasema Waziri, "mawe yamekwisha kukutana. Miti hii yasimama bure."

"Makame," akasema Sultani, "Ijumaa anakuja mgeni wangu, Sultani wa ng'ambo. Sitaki alikute daraja langu limeshika magongo kama kikongwe. Ing'oe miti. Isipong'oka, shingo yako. Na daraja likianguka, shingo yako."

Makame akaipapasa shingo, akaiona ni moja tu. Na chokaa ile ilitaka siku arobaini.

"Nimesikia na nimetii, bwana wangu. Lakini miti ikitoka, mgeni ataona matope matupu. Nipe waheshimiwa arobaini, wavae majoho, kila mmoja ashike nafasi ya mti mmoja. Kazi ni ileile, kusimama bure. Na katikati, penye heshima kuliko pote, asimame Mheshimiwa Waziri."

Sultani akapendezwa. Waziri naye akapendezwa, mpaka Ijumaa asubuhi.

Asubuhi hiyo, waheshimiwa wengine wakiwa wamekwisha kusimama kila mmoja penye mti wake, Makame akampanga Waziri kando ya boriti ya katikati, akamtazama kama apimaye ubao.

"Mheshimiwa, inua mikono kidogo."

"Kwa nini?"

"Mti huu ndivyo ufanyavyo."

Kisha akaigonga kabari iliyokaza chini ya boriti, pigo moja dogo. Kabari haikutikisika, ila unga wa chokaa ukamshukia Waziri juu ya kilemba.

"Ngoja, mwanaharamu we!"

"Kuna nini, Waziri?" akauliza Sultani kutoka ukingoni. "Si yasimama bure?"

"Bwana wangu... nikiutazama kwa karibu, mti huu una shughuli kidogo."

"Na ile thelathini na tisa?"

Waziri akageuka. Waheshimiwa thelathini na tisa walikwisha kufika ukingoni, wengine bila makubadhi.

"Yote, bwana wangu. Yote ina shughuli."

Sultani akacheka mpaka akashikwa mkono asianguke. Mgeni alipofika, akaonyeshwa boriti moja moja kama watoto wa nyumba, na aliyemweleza kazi ya kila boriti ni Waziri.

Siku ya arobaini Makame akazijaribu kabari, zikatoka kwa vidole viwili, na daraja likasimama peke yake.

"Taka utakalo," akasema Sultani.

Makame akaomba boriti zake, akajenga nyumba, kitu chake cha kwanza kubaki. Iliinama kidogo upande wa jikoni. Mkewe akaiegemeza kwa boriti moja, akamwambia, "Hii usiiguse, mume wangu, hata Sultani akija."

Nayo hekaya imekwisha kukauka. Mwenye boriti zake na azichukue.