Sinia la Halua la Sultani

Hapo zamani, wakati majumba ya wafalme yalipokuwa na ngazi nyingi kuliko akili, alikuwako sultani katika mji wa Mwambatini. Masika moja akaja mgeni Mwingereza, akala, akashiba, akatazama dari lililovuja na askari wenye viraka, akatamka neno moja la kwao, akaenda zake.

Sultani akamgeukia Vuai, mkalimani wake. "Kasemaje?"

Vuai akainamisha kichwa. "Bwana, neno hilo halisemeki mbele ya enzi yako."

Basi akatiwa gerezani, na mbiu ikapigwa: atakayeeleza maana ya neno lile atamkomboa Vuai, ila atakayetamka kwamba enzi imepungua, imechakaa au imeshuka, yeye na Vuai watakatwa vichwa. Maana Sultani alikwisha nusa kitu.

Mize, mkewe Vuai, hakuwa na hata kanga ya pili. Akaenda dirishani pa gereza, mumewe akamnong'oneza maana.

"Ala! Ndilo hilo tu?" akacheka. "Tulia, baba. Kesho utakula kwangu."

Akaingia barazani, akainama. "Nashika miguu, Bwana. Maana siitamki, nitaionyesha. Amuru sinia la halua litoke jikoni, wakubwa wako walipokezane mpaka likufikie. Na asile mtu."

"Atakayekula nitamkata mkono!" akasema Sultani.

Sinia likatoka limejaa pomoni, lanukia iliki. Mpishi akampa bawabu, bawabu akampa akida, akida akampa kadhi, kadhi akampa waziri. Ikawa kila mkono una lake: huyu kasawazisha pembe, huyu katoa nzi, kadhi kakagua kama ni halali, waziri kaonja asije bwana wake akalishwa sumu. Likafika kwa Sultani lina kibonge kama kidole gumba. Naye, kwa mazoea, akakitia kinywani, akafuta masharubu, akanguruma: "Halua yangu i wapi? Nani kaila?"

"Wallahi sikula, nimeonja tu!" wakaapa wote, midomo ikimeta samli.

"Basi iliishia mkononi mwa nani?"

"Hapana mkono ilimoishia, Bwana," akasema Mize. "Kila mmoja aliipokea ipo, akaitoa ipo. Ndiyo maana ya neno."

Tone la mvua likatoka darini, likaangukia sinia tupu: ti!

"Na jambo hilo," akauliza Sultani polepole, "hutokeaje?"

"Kwa kidole, Bwana. Kidogo kidogo."

"Leteni panga! Nitakata mikono yote!"

"Kata, Bwana. Na aliyekula kile kibonge cha mwisho?"

Sultani akauficha mkono ndani ya joho. "Mimi... nilionja tu."

Akajisikia mwenyewe, akaangua kicheko mpaka kilemba kikamdondoka. Vuai akafunguliwa, mafundi wa dari wakaitwa, na Mize akapewa sufuria nzima ya halua. Akajitwika mwenyewe hadi kwake, wala hakumpokeza mtu.

Msimulizi alikutana naye njiani, akanyoosha kidole. Alichoonja ni kofi.