Mgeni Aliyelowa Kiungwe

Sogeeni. Na nyie wa nyuma acheni kunong'ona, maana leo sikuja na hadithi ya kuwabembeleza. Nimekuja na kesi, nayo imenishinda. Nimeigeuza huku, nimeigeuza huku, wapi! Sasa naileta kwenu, tuone hizo akili mnazojisifia.

Kesi yenyewe ni ya kiti. Kuna mwanamke wa Tanga aitwaye Mwanamkasi, mwenye kampuni ya kutengeneza magemu. Simaanishi yale ya kwenye simu unayobonyeza huku unasubiri zamu yako kwa kinyozi. Yake ni makubwa. Unaingia nchi ya kubuni, unachagua uwe nani, mfua chuma au mganga au mjumbe, unatembea, unazungumza na watu, na kila unachoamua kinageuza mambo ya mbele. Gemu la namna hiyo linakula miaka ya watu, na linakula mtaji usio wa mchezo.

Sasa macho ya Mwanamkasi yamechoka. Daktari amemwambia akae mbali na skrini, na safari hii amekubali. Kampuni itabaki yake, lakini kile kiti cha mwenye neno la mwisho, anayesema hiki kikae na hiki kitoke, lazima ampe mtu. Kiti ni kimoja. Wanaokistahili ni watatu, na yeye anawapenda wote kama wadogo zake wa kuzaliwa.

Wa kwanza ni Hizza, mchoraji. Huyu Mungu alimpa jicho. Watu wengine wakiangalia ukuta wa udongo wanaona ukuta. Hizza anaona pale ambapo mikono ya aliyeukandika ilichoka. Alikuwa na utaratibu wake ambao wenzake waliucheka mpaka wakauzoea. Skrini moja aliigeuza dirishani, ielekee barabarani, na kila sehemu ya gemu aliyoichora aliiweka pale. Mpita njia asiposimama mwenyewe, bila kuitwa, sehemu hiyo ilirudi mezani. Siku moja msukuma mkokoteni wa mkaa alisimama mbele ya picha ya bonde lenye ukungu akaduwaa, foleni ikajaa nyuma yake, matusi yakamiminika. Hizza akatoka nje kumwomba radhi yule bwana, akirudi ndani anacheka peke yake. Bonde likapita.

Wa pili ni Theopista, binti wa Bukoba aliyeolewa Tanga, mtaalamu wa programu. Picha za Hizza zilikuwa nzuri, na zilikuwa nzito kupita kiasi. Mashine ilizibeba ikihema, ikapata moto, ikakwama. Theopista akazifanya nyepesi bila kuziharibu. Ukiwa ndani ya gemu, kilicho nyuma ya mgongo wako hakipo. Ukigeuka kinakuwepo, na huwezi kujua kwamba kiliondoka. Kila alichotengeneza alikwenda kukijaribu kwenye kibanda cha gemu kule Ngamiani, kwenye mashine kuukuu iliyovaa vumbi. Ikikwama pale, kwake ilikuwa haijafanya kazi. Alikuwa akimwambia Hizza, "Unamchorea nani, mdogo wangu? Tajiri peke yake?"

Wa tatu ni Shemdoe. Huyu hakuchora hata jani, wala hakuandika programu hata mstari. Usimdharau, tafadhali. Shemdoe kazi yake ilikuwa muda. Wenye mtaji, wageni wa mbali, walipiga simu na swali lao lilelile: linatoka lini? Wapenzi wa magemu nao wakamtukana mitandaoni kwa kila lugha. Yeye alipokea yote na hakuna tusi hata moja lililofika kwenye meza ya Hizza. Na alipoona muda hautoshi, alifanya jambo ambalo hawakumsamehe kwa muda mrefu. Nchi ya gemu, Kiungwe, ilikuwa na milima, na ilikuwa na bahari yenye visiwa. Shemdoe akaikata bahari yote. Wafanyakazi wakalia, jamani, watu wazima wakalia! Akawaambia, "Nichukieni. Miezi ya bahari nimeipa milima." Na milima ikapendeza kwa sababu hiyo.

Haya. Kuna siku moja wote watatu walipimwa, na hapo ndipo penye ugumu.

Wenye mtaji walichoka kusubiri wakafunga safari. Walifika asubuhi, wakiongozwa na mama mmoja mrefu ambaye tangu ashuke garini hakutabasamu. Hawakuficha: wakiridhika, wataongeza muda, wasiporidhika, gemu linafungwa hivyo hivyo lilivyo na kila mtu atafute kwao. Gemu likawashwa kwenye skrini kubwa ya ukutani, na Mwanamkasi mwenyewe ndiye aliyeshika pedi ya kuchezea. Miaka yote ile ya watu ilikuwa kwenye vidole vyake.

Akachagua kuwa mjumbe. Mjumbe huyo anapeleka habari za vita kwa zumbe, yaani chifu wa Kiungwe, na akishazisema tu, vita vinaanza na gemu linachangamka. Akapanda mlima. Mvua ikanyesha, mvua ya Hizza, inayoanza kwenye majani kabla haijafika mabegani. Mjumbe akafika nyumbani kwa zumbe amelowa chapachapa. Mke wa zumbe akatoka mlangoni.

"Pole mwanangu," akasema. "Ingia ukae motoni ukauke kwanza. Habari zitakuwepo."

Mwanamkasi akabonyeza ili mjumbe aseme habari zake.

"Kauka kwanza, mwanangu. Habari zitakuwepo."

Akabonyeza tena. Jibu lilelile. Akaelewa papo hapo kilichotokea. Adabu ile aliiagiza yeye mwenyewe: Kiungwe hakuna mtu wa kumhoji mgeni anayechuruzika maji. Na Hizza, bila kumwambia mtu, alikuwa ameweka nguo za gemu zikauke sawasawa na nguo za Tanga wakati wa masika. Mnazijua nguo za masika nyie! Unaanika leo, kesho unazianua zinanuka uvundo na bado mbichi. Kila mmoja alifanya vizuri upande wake, na kazi zao mbili zilipokutana, vita vikagoma kuanza. Mjumbe alikaa motoni, nguo haikauki, mke wa zumbe hataki kusikia habari, na wenye mtaji wametoka ng'ambo kuja kutazama shati linalofuka mvuke.

Sikilizeni basi kilichofanyika ndani ya chumba kile.

Hizza hakufanya kitu. Alikuwa amekaa, amejishika kichwa. Lakini kazi yake ya miaka ilikuwa pale ukutani inafanya. Mvuke ulipanda kutoka begani kwa mjumbe, mwembamba, ukapinda ulipokutana na moshi. Tone la maji lilining'inia sikioni likakataa kudondoka. Kivuli cha mkono wa mke wa zumbe kilipita ukutani akisogeza kuni. Yule mama mrefu, aliyekuwa ameshika simu, akaiweka mezani akasogeza kiti mbele. Mwanamkasi akamwona na moyo ukampasuka kwa kumpenda Hizza, na hapohapo alitaka kumzaba kibao.

Theopista alikwenda kona ya chumba na kompyuta yake. Moto, moshi na nguo mbichi katika chumba kimoja ndivyo vitu vinavyoua mashine, na kwa mtu mwingine picha ile ingekwama zamani, kwaheri. Haikukwama hata kidogo. Huku mashine ikiwa imetulia hivyo, alikuwa anatafuta pale ukaukaji ulipoandikwa, aubadilishe gemu likiwa linaendelea, sawa na kumbadilishia mtu shati huku anakimbia. Akikosea alama moja, skrini inakuwa nyeusi. Hakukosea.

Shemdoe alisimama. Mwanamkasi alidhani anakwenda kuomba radhi, akafumba macho. Shemdoe hakuomba radhi. Aliwaambia wageni kwa lugha yao, polepole, "Kwetu mgeni aliyelowa haulizwi habari. Anapewa moto kwanza. Nyie mmekuwa mkituuliza muda tunaufanyia nini. Ndio huo mnautazama." Kisha akakaa na kunyamaza, na mimi nasema kunyamaza kule kulikuwa nusu ya kazi, maana mwingine angeendelea kubwabwaja akaharibu.

Chumba kizima kikatazama nguo ikikauka. Rangi yake ikapauka kidogo kwenye kola, halafu mabegani. Zumbe akatoka chumba cha ndani, akavuta kigoda.

"Haya mwanangu," akasema zumbe. "Sasa sema."

Yule mama mrefu akashusha pumzi. Akasema maneno machache tu: sehemu hiyo mtu asiiguse, na muda mtapata. Mwanamkasi akaomba ruhusa akatoka nje, akalia nyuma ya jengo mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa.

Gemu lilitoka. Limependwa, na mimi mwenyewe nililicheza nikasahau chakula jikoni kikaungua. Kule Ngamiani watu wanabishana juu ya Kiungwe utadhani wana shamba huko. Kwa hiyo hapo hakuna kesi. Kesi ni kiti.

Mwanamkasi aliwaita mmoja mmoja. Akawauliza, kama si wewe, nimpe nani?

Hizza alijibu haraka. "Mpe dada Theopista. Picha zangu bila yeye zingebaki dirishani." Kisha akainama. "Lakini Bi Mwanamkasi, akikata moshi wangu ili mashine ipumue, sijui kama nitaweza kukaa."

Theopista naye akasema lake. "Mpe Hizza. Akiongoza yeye gemu litachelewa, tena sana, nakwambia kabisa. Ila likitoka, watu watalia. Na mimi nikikosa nabaki, usinichague kwa kuogopa nitaondoka."

Shemdoe akacheka. "Kama si mimi? Ni mimi, Bi Mwanamkasi. Wale wawili nawapenda, lakini ukiwaacha wenyewe, mpaka leo wangekuwa wanachora ile bahari. Wananichukia kidogo, na atakayekaa pale lazima achukiwe kidogo."

Mwanamkasi akaguna. "Huna aibu wewe."

"Aibu ninayo. Muda ndio sina."

Sasa amewaita wote pamoja, wamekaa mbele yake, hakuna anayemtazama mwenzake. Anajua akimpa Hizza, gemu lijalo litakuwa zuri kuliko hili, na huenda wenye mtaji wakachoka kabla halijaisha. Akimpa Theopista, litachezwa mpaka kwenye mashine ya mwisho kabisa ya kibandani, na huenda Hizza akaondoka na jicho lake. Akimpa Shemdoe, litatoka, hilo halina shaka, lakini aliyeikata bahari bila kutoa chozi, safari ijayo atakata nini? Na yeye mwenyewe hatakuwepo kuwasuluhisha. Macho yanamuuma. Amewatazama wote watatu mpaka sura zao zimeanza kufifia, na wao bado wanasubiri.

Nimewaona, tayari mnanyoosha mikono! Ishusheni. Wewe uliyesema picha, kumbuka nani aliizuia isikwame. Wewe uliyesema programu, kumbuka yule mama aliweka simu mezani kwa sababu ya nini. Na wewe unayesema ni yule aliyeongea, sema, angeongea juu ya kitu gani kama pale ukutani pangekuwa peupe?

Haya, msinitazame mimi. Kiti hicho, na watu hao watatu. Ungekuwa ndiye Mwanamkasi, ungemkalisha nani, na wale wawili ungewaambia nini usoni?