Mtambo Uliozimwa Saa Sita

Ndugu zangu waumini, nisikilizeni. Palikuwa na mama mmoja fundi, kazi yake kuendesha mtambo wa kuchoronga ardhi. Kampuni ilitaka kupeleka bomba la maji kisiwani bila kufukua mtaro baharini, maana kule chini kuna majani wanakozalia samaki, na kando yake mashamba ya mwani. Basi mtambo ukawekwa bara, ukachoronga njia chini kwa chini, ukisukuma tope jepesi la kulainisha mwamba.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, mama yule akaona presha ya tope inashuka. Maana yake aliijua: tope limepata ufa, linapanda baharini. Akajiambia, labda itatulia. Akaendelea. Saa sita, bahari ilipokupwa, akaliona kwa macho yake, la kijivu, limelala juu ya majani. Akazima mtambo, akachomoa ufunguo.

Msimamizi akaja mbio. "Nani kakuambia uzime?"

"Tope linatoka, bosi."

"Nani atajua? Jioni maji yatajaa, yatalifunika. Washa!"

"Siwashi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Siwashi."

Je, msimamizi alifanyaje? Alikuwa mjanja. Alijua wenye kiu ni watu wa kisiwani, miaka kumi na moja wanavuka na madumu kufuata maji. Akatuma boti, akawaleta kina mama saba, akawaambia mbele ya wafanyakazi wote: "Huyu ndiye aliyeyazuia maji yenu. Semeni naye!"

Akatoka bibi mmoja mkulima wa mwani, kanga imelowa hadi magotini.

"Mwanangu, ni wewe uliyezima?"

"Ni mimi, bibi."

"Uliona saa ngapi?"

Fundi akainamisha kichwa. "Saa tatu."

"Ukazima saa sita. Mbona ulichelewa? Kamba zangu kumi na mbili za mwani zimefunikwa."

Kisha bibi akamgeukia msimamizi. "Na wewe baba, shida yetu ndiyo umeifanya fimbo? Tumebeba madumu miaka yote hiyo, na mwaka huu tutabeba. Mtambo huu hauwaki." Akakaa kwenye ngazi ya mtambo. Wenziwe sita wakakaa naye.

Siku tatu walikaa kwa zamu, mpaka kampuni ikakubali kulizoa tope na kuchoronga njia nyingine, ndani zaidi. Maji yalifika kisiwani baada ya miezi minane. Fundi hakuyaona, alikwishafukuzwa.

Mnamsifu fundi? Hata mimi namsifu. Lakini lile swali la bibi, ndugu zangu, ni letu sisi. Sisi tunaoona saa tatu, tukanyanyuka saa sita, halafu tunataka kupongezwa! Jirani anampiga mkewe, tunasema labda itatulia. Kiwanja cha watoto kinamegwa, tunasema labda itatulia. Na katika hayo masaa matatu, ni mali ya nani inayofunikwa?

Wakubwa watatuuliza: "Maji mnayataka au hamyataki?" Tuwajibu: tunayataka, na uchafu wenu hatuutaki. Ukiona, sema saa ile ile uliyoona. Watakufukuza? Wakufukuze! Riziki ya mja haikuwekwa mkononi mwa msimamizi yeyote.