Siku Fisi Aliposhinda Maonyesho ya Sungura

Hodi, hadithi iko mlangoni.

— Mlango uko wazi, ipite ndani.

Imetoka mbali, imechoka.

— Ikae hapa katikati, tuitazame.

Basi sogeeni, na anayetaka kukoroma akorome taratibu.

Hapo kale, sungura walipokuwa bado wakijijengea mabanda yao wenyewe, aliishi Mama Shungi na mumewe na watoto wao tisa kwenye uwanda mmoja wenye nyasi nyingi. Familia ile haikujua ngoma wala haikuwa na shamba la maana. Walichopenda ni kitu kimoja tu: kulea watoto wa mbegu safi na kuwapeleka maonyesho. Mama Shungi aliweza kukutajia ukoo wao hadi kizazi cha saba, na katika vizazi vyote hivyo hukusikia doa moja la kijivu. Mwili mweupe, masikio meusi, basi.

Lakini Shungi, binti yao wa kwanza, aliwapita wote. Yeye alizaliwa na kishungi cha manyoya meusi utosini, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu enzi za bibi yake bibi.

Mwaka mzima walimwandaa. Asubuhi baba yake anamchana manyoya, shwa, shwa, shwa. Mchana wadogo zake wanamletea matembele machanga, wao wanakula mabua. Jioni mama yake anampandisha mezani na kumfundisha kutulia: asitingishe sikio, asichezeshe pua, hata nzi akimtua usoni. Shungi alijua kutulia kiasi kwamba siku moja familia nzima ilimsahau pale mezani, mvua ikanyesha, ikaanuka, naye yuko vilevile, analowa kwa heshima. Aliutaka utepe mwekundu wa nafasi ya kwanza kuliko alivyotaka chakula.

Siku ya maonyesho ikafika. Wakaja sungura wa masikio ya kulala, wakaja wa kijivu wa milimani, wakaja wale wadogo wanaoenea kwenye kikapu cha mayai. Kila mshindani akaingizwa katika kibanda chake cha fito, komeo likasukumwa. Kilichokosekana ni jaji. Jaji wa miaka yote alikuwa Mzee Kobe, na Mzee Kobe alikuwa ametoka kwake siku nne kabla, ili awahi.

Aliyetokea akawa Fisi, na tenga begani. Alisema Mzee Kobe amevunjika mguu njiani, na amemwomba yeye ashike kazi. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyethubutu kusema haamini. Wangekimbia, lakini watoto walikuwa vibandani, na nani angeweza kufungua vibanda thelathini mbele ya meno yale?

Fisi akaanza kazi. Jaji wa kweli hupuliza manyoya, hupima masikio, huhesabu kucha. Fisi alibonyeza mapaja. Akamtoa wa kwanza, wa kijivu, akabonyeza paja, tu, tu. Mate yakadondoka, cho, cho. Akasema huyu atatazamwa tena, akamtia tengani. Akamtoa wa pili, wa masikio ya kulala, akabonyeza paja, tu, tu. Mate yakadondoka, cho, cho. Huyu naye atatazamwa tena, tengani. Akamtoa wa tatu, akabonyeza, yakadondoka, tengani.

Akafika kwa Shungi. Alimbonyeza paja la kulia mara mbili, na la kushoto mara mbili. Kisha akatangaza kwamba huyu ndiye wa kwanza, na kwamba mwaka huu mshindi wa kwanza atafuatana na jaji nyumbani kwa chakula cha jioni.

Shungi akamtazama mama yake kwa macho yanayong'aa, bila kutingisha sikio. Baada ya neno "wa kwanza" hakuwa amesikia lingine.

Mama Shungi alitamani kupiga kelele, akajizuia. Alikuwa amekwenda maonyesho maisha yake yote, na alikuwa amegundua ugonjwa mmoja wa wote wanaofika huko, wenye mikia mifupi na wenye mikia mirefu: kila mmoja anapenda kutazamwa. Basi akamsogelea Fisi. Akamzunguka polepole, kutoka kichwani hadi mkiani, na kutoka mkiani hadi kichwani. Kisha akaguna.

"Unaguna nini, mama?" Fisi akauliza.

"Naguna bahati mbaya, Bwana Jaji. Miaka yote natafuta kifua kama hicho, kumbe kiko kwa jaji, na jaji hashindani."

Fisi akainama kukitazama kifua chake. Hakuwahi kuambiwa kwamba anacho. Akauliza ni nani aliyesema jaji hashindani. Mama Shungi akamjibu kwamba hakuna aliyekataza, ila ingekuwa si haki kwa wengine. Bwana Jaji akipanda mezani, wao wote watakuwa wamekuja bure. Fisi akasema mambo ya haki yataangaliwa baadaye. Akapanda mezani, nayo meza ikalia ng'waa.

Mama Shungi akamweleza kwamba mshindani haingii na mzigo. Fisi akalitazama tenga, akamtazama mama.

"Na sungura wa mbegu safi hufanya hivyo?"

"Hufanya hivyo."

Tenga likashushwa, na watoto watatu wakakimbilia kwa mama zao. Kisha akaambiwa mshindani huogeshwa. Fisi hakuwa ameoga tangu azaliwe.

"Na sungura wa mbegu safi hufanya hivyo?"

"Hufanya hivyo."

Wakammwagia maji ya mtoni, mwaa, mwaa, na Baba Shungi akamchana mgongo. Kisha akaambiwa mshindani hukaa kibandani mpaka aitwe.

"Na sungura wa mbegu safi hufanya hivyo?"

"Bwana Fisi, huoni wenzako?"

Kulikuwa na banda moja tu la kumtosha, lile la kuhifadhia nyasi, lenye fito nene kama mkono. Fisi akaingia mwenyewe, akajikunja, akainua kifua. Komeo likasukumwa: kacha.

Jua likapanda. Fisi akaona njaa, akaanza kuwakodolea macho majirani. Mama Shungi akamwambia kwa upole kwamba mshindani anayetazama mapaja ya wenzake hupunguziwa alama. Akamletea nyasi kavu. Fisi akazitazama muda mrefu, na kwa kuwa watu walikuwa wakimwangalia, akatafuna, karu, karu, karu, machozi yakimlengalenga.

Alasiri Mzee Kobe akawasili, miguu yote minne mizima. Hakushangaa, maana kobe hawana haraka ya kushangaa. Alipita banda kwa banda. Alipofika la mwisho akasimama, akatazama, akaandika kwenye jani lake: masikio mafupi, mkia mrefu, miguu ya nyuma imepungua kuliko ya mbele, na ananuka hata baada ya kuoga. Mbele ya jina la Shungi alikuwa ameandika neno moja tu: kamili.

Mama Shungi akamvuta pembeni, nyuma ya meza.

"Mzee wangu, mpe Fisi nafasi ya kwanza."

Kobe akamjibu kwamba tangu aanze kazi hajawahi kumpa utepe asiyestahili, na kwamba yule hata sungura si sungura.

"Najua," akasema Mama Shungi. "Lakini meno yale huvunja mifupa, mzee. Fito zile zinamshika kwa sababu anadhani atashinda. Akishindwa, hazimshiki tena."

Kobe akarudisha kichwa ndani, akakitoa tena. Kisha akautwaa utepe mwekundu, akamfunga Fisi shingoni kupitia katikati ya fito. Wa pili, akatangaza, ni Shungi.

Na kwa mara ya kwanza mwaka ule, Shungi akatingisha sikio. Pua ikamcheza, machozi yakamtoka. Akasema, "Mama, yule si sungura."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ana miguu mibaya."

"Mibaya sana. Panda mgongoni, twende."

Kanuni ya mwisho aliitunga Mama Shungi palepale: bingwa hutoka wa mwisho, ili watu wapate nafasi ya kumwangalia. Fisi akaona ni sawa kabisa. Akakaa ameinua kifua, huku familia moja baada ya nyingine zikifungua vibanda, zikibeba watoto, zikimpigia makofi na kuondoka kwa mwendo ambao si wa matembezi. Uwanja ulipobaki mtupu, Kobe akavuta komeo, akaingia ndani ya gamba lake, akakaa humo mpaka kesho yake.

Fisi akafika kwake kwa maringo, tumbo limejaa nyasi, utepe unapepea. Mkewe akamuuliza nyama iko wapi. Fisi akamwambia atulize moyo na atazame vizuri: yeye ndiye wa kwanza, ameshinda sungura wote wa uwanda.

Bi Fisi akautazama ule utepe. Akaugeuza huku, akaugeuza huku. Kisha akamuuliza mumewe unapikwa kwa muda gani.

Ulimi wangu umekomea hapo.

— Na masikio yetu yamekomea papo hapo.

Na fundisho la hadithi hii, watoto, ni kwamba msidanganye hata kidogo. Mwangalieni Mama Shungi: alidanganya kutwa nzima, na malipo yake yakawa ni kurudi nyumbani na watoto wote tisa. Fisi yeye aliamini kila alichoambiwa, akapewa utepe. Basi nanyi aminini kila mnachoambiwa, hasa mkiambiwa na mimi.