Trekta la Wifi Nyamizi

Wifi yangu Nyamizi hatusemezani tangu msiba wa kaka, lakini hili la trekta lazima niliseme.

Watu wa televisheni walileta mashindano ya mafunzo ya kikomando. Atakayebaki wa mwisho bila kuomba kurudi nyumbani, anapewa trekta. Nyamizi, mjane wa miaka hamsini na nane, kachoka jembe la mkono, akajiandikisha.

Mwalimu wao, Afande Lugendo, alitoka jeshini, kapera, kifua kama kabati. Siku ya kwanza tu akamfokea, "We bibi, ingia kwenye tope utambae."

Nyamizi akamtazama. "Ndiyo salamu hiyo, baba? Na mwanangu anavyokusifia adabu."

Afande akashusha sauti. "Mwanao nani?"

"Uliyemwahidi kwamba utakuja kwetu kujitambulisha. Au una ahadi nyingi?"

Jasho likamtoka. "Kumbe wewe ndiye mama yake Mwasiti?"

"Mkwe mzima, hata shikamoo hakuna."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, hilo tope?"

Afande akamtandikia mbao juu ya tope. Gogo la kubeba mlimani akalibeba mwenyewe, akimfuata kinyumenyume, asije akamkazia macho mkwewe. Hasira zote akazimalizia kwa wenzake Nyamizi, mpaka wakaomba kurudi makwao wote.

Trekta lilipofika, ikabidi nimsemeze. "Wifi, huyo Mwasiti ulimzaa lini? Si una madume matano matupu?"

"Hata simjui," akasema. "Lakini mwanaume kama yule hakosi binti aliyemwahidi kwenda kwao, na hajaenda."