Kijitabu Chini ya Mguu wa Meza

Kulikuwa na mzee mmoja, ndugu zangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuvunja matofali. Msicheke, ni kazi halali! Alikuwa na mashine ya kupima nguvu. Unamletea tofali lako la saruji, mashine inaligandamiza mpaka lipasuke, naye anasoma mshale limehimili mzigo kiasi gani. Likifaa anakugongea muhuri, unakwenda kujenga.

Cheti cha mashine alikitia fremu ya dhahabu, akakitundika juu ya picha yake ya harusi. Mkewe aliliona hilo, akaendelea kufagia.

Siku moja akaja mkaguzi wa vipimo, binti mpole, na kijitabu mkononi.

"Shikamoo, mzee. Kiwango cha kukagulia hizi mashine kimerekebishwa. Zamani tulizikagua kwenye mizigo mikubwa tu. Sasa tunaanzia ile midogo, maana huko ndiko zinakodanganya."

"Marahaba, mwanangu. Mashine hii ilianza kazi wewe hujaota meno. Itadanganyaje?"

"Basi soma hiki, mzee wangu. Ukiwa tayari uniite."

Mzee akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Binti alipotoka tu, akakikunja, akakisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia. Akasema hajawahi kuona kijitabu chenye manufaa kama kile.

Sasa sikilizeni. Tofali gumu halikuwa na shida, mashine ilisema kweli. Lakini tofali dhaifu hupasuka mapema, kwenye mizigo ile midogo, na huko mashine ilikuwa inaongeza chumvi. Wafyatuaji wa matofali ya mchanga mtupu wakalijua hilo kabla yake. Wakaja kutoka mbali, wakizipita mashine nyingine njiani. Mzee akaona foleni, akadhani ni heshima. Jamani, kuna foleni nyingine ni za kutilia shaka!

Ikafika siku mama yake mzazi amezeeka, mzee akataka kumjengea chumba. Akanunua matofali kwa mteja wake mmoja, akayapima, mashine ikasema yanafaa. Akashika muhuri, mkono ukakataa. Akalikwaruza tofali moja kwa ukucha, likatoa unga. Mbona mengine kama hayo aliyagongea muhuri huku akipiga soga?

Asubuhi akatia matofali matatu kwenye gunia, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akapanda pikipiki hadi mji wa pili, kwa mtu ambaye mashine yake ilikwisha kaguliwa kwa utaratibu mpya. Tofali la kwanza likapasuka hata hajamaliza kukohoa. La pili vilevile. La tatu mwenye mashine akakataa kuliweka, akasema litamchafulia mashine bure.

"Mzee, haya hayakupimwa?"

"Yalipimwa," akasema, macho chini. "Yakafaulu."

"Yakafaulu! Huyo aliyeyapima, ana mama kweli?"

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Njia nzima ya kurudi aliziona nyumba za wateja wake, na mama za watu wamekaa barazani wanachambua mchicha, migongo wameegemeza ukutani. Alipofika kwake akainama, akachomoa kijitabu. Meza ikayumba, chai ikamwagika.

"Leo ndiyo unasoma?" mkewe akauliza.

"Leo. Mwite yule binti. Mimi naanza kuzunguka kwa wale waliokwisha jenga, mmoja mmoja, niwaambie."

Nasi je? Msije mkatoka hapa mkasema mchungaji kahubiri kwamba Neno la Mungu limepata toleo jipya! Neno ni lile lile. Tunaochakaa ni sisi. Ubatizo wetu tumeutia fremu, na tangu mwaka ule hatujakubali kukaguliwa. Kwenye mizigo mikubwa hatuna neno: msibani tumo, harambee tumo. Na ile midogo? Unamjibuje mkeo ukiwa na njaa? Ulimwambia nini jirani alipokuja kuazima jembe, nalo liko nyuma ya mlango?

Akija mtu kutuonya, tena mdogo kwetu, tunamwitikia "marahaba" vizuri kabisa, kisha maneno yake tunayapeleka chini ya meza. Na kujua tunajua, ndugu zangu. Tofali la mama yetu hatuligongei muhuri.

Chomoa kijitabu. Meza itayumba, chai itamwagika. Acha imwagike.