Sikio la Wakio

Mmeusikia usemi huu, "Sikio husikia kabla ya kushikwa," nanyi mwataka kujua ulikotoka. Basi kaeni vizuri, maana ulianzia hapa hapa kwetu, milimani Taita.

Enzi hizo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu. Mtoto akipelekwa shule, mwalimu humwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Likishikika, ameiva. Lisiposhikika, arudi nyumbani akale ugali.

Mama mmoja, Mghoi, alikuwa na binti, Wakio, mdogo wa umbo lakini mwepesi wa akili ajabu. Mwaka uliotangulia alikuwa amerudishwa. Safari hii shangazi yake wa Taveta alishasema: akikataliwa tena, aje amlelee mtoto. Mghoi alijua kuwa binti akishazoea kulea, shule ndiyo kwaheri.

Siku ya kuandikishwa, Mwalimu Mwadime alipima huku akitoa maagizo: viatu vipangwe barazani, mikono ioshwe kwenye karai, kila mmoja akae mkekani, na akina mama watarudi kengele ikilia. Zamu ya Wakio ilipofika, vidole viliishia utosini. Mghoi akamshika mkono waondoke, machozi yakimlengalenga.

Mlangoni walimkuta Mwanyumba, mtoto wa miraba minne aliyeshika sikio bila taabu. Sasa alikuwa ameng'ang'ania kanga ya mama yake, analia, hajui aanzie wapi. Wakio akauachia mkono wa mama yake. Akamvua Mwanyumba viatu, akavipanga, akampeleka kwenye karai, kisha akamketisha mkekani. Akambembeleza kwamba mama yake atarudi kengele ikilia, naye akanyamaza. Ndipo Wakio akaenda kumuaga mwalimu.

"Nani amekufundisha hayo?" mwalimu akamuuliza.

"Ni wewe, Mwalimu. Ulikuwa unasema ulipokuwa unatupima."

Mwalimu Mwadime akatazama watoto waliofaulu, wengine bado wanasukumana na viatu miguuni. Akamgeukia Mghoi.

"Mama Wakio, mwache hapa. Mimi nangoja sikio lishikwe, kumbe limeshasikia yote."

Mghoi alirudi nyumbani akilia kwa furaha, na shangazi akatafuta mlezi mwingine. Mkono wa Wakio ulifika sikioni mwaka uliofuata. Wakati huo alikuwa tayari anamsomea mama yake Biblia jioni.

Kwa hiyo mkimwona mtoto mdogo wa kimo, msikimbilie kumpima mkono. Sikio husikia kabla ya kushikwa.